Bweni Halitamlea Mwanangu



Kila mwaka ikifika mwezi wa tano, shule za huku Marekani zikikaribia kufungwa, linaanza zoezi ambalo sasa limekuwa kama msimu wa mavuno. Simu zinapigwa kutoka Louisville kwenda Columbus, kutoka Columbus kwenda Buffalo. Fulani anampeleka mwanawe nyumbani. Fulani ameshakata tiketi. Fulani amepata nafasi katika shule moja Arusha, au Naivasha, au nje kidogo ya Kampala: shule ya bweni yenye mtaala wa Kiingereza, ina bwawa la kuogelea, ina farasi, watoto wanavaa koti na tai, na mwalimu mkuu ni Mwingereza. Mtoto mwenyewe anaambiwa anakwenda kumsalimia bibi. Akifika anakuta tranka limeshanunuliwa na jina lake limeshaandikwa kwa rangi.

Mimi ni nesi hapa Louisville, nina shahada yangu, nina miaka thelathini na kitu, na nina mtoto wa kiume wa miaka kumi na miwili. Mwaka huu ukoo wa mume wangu umekaa kikao na kuamua kwamba mtoto huyo aende bweni nyumbani "akanyooshwe". Michango imepangwa, ami zake wameahidi, shule imeshaleta ankara: dola elfu kumi na nne kwa mwaka, nauli na sare mbali. Nimekataa. Nimeambiwa nimekuwa Mzungu, nimeambiwa namharibu mtoto wa watu, na mama mkwe wangu, ambaye namheshimu sana, amenikatia simu mara mbili. Nimeonelea niandike sababu zangu hadharani kwa kuwa najua siko peke yangu, na kwa kuwa jambo hili limevuka kizingiti cha nyumba yangu. Ni suala la siasa pia, nitaeleza.

KWANZA, TUNAKIMBIA NINI?

Sitaki kumdharau mzazi yeyote. Najua tunachokimbia kwa sababu naishi humo humo. Wengi wetu ni wabeba boksi, hata sisi tunaovaa sare za hospitali. Hapa Louisville UPS wana kituo chao kikubwa kuliko vyote cha mizigo ya ndege, na mizigo hupangwa usiku, kwa hiyo baba wa Kiswahili akiamka ni jioni na akirudi ni alfajiri. Mama yuko nyumba ya wazee, shifti ya masaa kumi na mbili, na wikiendi anaongeza ovataimu kwa sababu kuna ada ya mdogo wake nyumbani na kodi ya nyumba huku. Mtoto anafungua mlango kwa ufunguo wake mwenyewe, anapasha chakula, anakaa na simu mpaka usingizi umchukue.

Mji nao hausaidii. Tarehe 9 Agosti 2023, siku ya kwanza ya masomo, mabasi ya shule za umma za Jefferson County hapa Louisville yalivurugika kiasi kwamba watoto wa mwisho walifikishwa kwao karibu saa nne za usiku, na shule zikafungwa kwa zaidi ya wiki. Mwaka uliofuata usafiri wa basi ukaondolewa kwa wanafunzi wengi wa zile shule maalumu ambazo wazazi wetu walikuwa wanazipigania. Buffalo ndiyo usiseme: tarehe 14 Mei 2022 kijana wa Kizungu aliendesha gari masaa kadhaa, akaingia duka la Tops la Jefferson Avenue na kuua watu weusi 10 waliokwenda kununua chakula. Mzazi wa Buffalo anayesema anaogopa hasemi uongo.

Lakini naomba tujiulize kwa utulivu. Je, tunaikimbia Marekani nzima, au tunakimbia muda fulani wa siku? Shule ya huku ikiwa na kasoro zake zote, humwachii mtoto pale ukawa na hofu ya moyo. Hofu inaanza kengele ya mwisho inapolia. Kuanzia saa tisa alasiri mpaka saa tatu usiku. Ni MASAA SITA. Nimekaa na wazazi wengi, Watanzania, Wakenya, Wakongo, Warundi, na kila hadithi ya mtoto aliyeharibikiwa niliyosimuliwa imetokea ndani ya masaa hayo sita.

PILI, MWINGEREZA ANAUZA NINI?

Sasa tuitazame hiyo shule ya Kiingereza tunayoililia. Ratiba yake inajulikana. Kengele asubuhi, kifungua kinywa pamoja, mstarini au kanisani, masomo mpaka mchana katika madarasa yenye watoto wachache. Alasiri michezo, na michezo pale hailetwi kama zawadi ya mtoto mwenye kipaji. Ni lazima kwa kila mtu, mnene na mwembamba: raga, hoki, kriketi, krosi kantri. Baadaye chai, kisha maandalio ya jioni, ile tuliyoiita prepo, chini ya mwalimu. Kisha chakula, kisha bwenini, ambako kuna mlezi wa bweni anayeishi palepale na familia yake na anayemjua mtoto kwa jina, kwa alama na kwa tabia.

Ondoa tai, ondoa farasi, ondoa lafudhi. Kinachobaki ni nini? Kinabaki kitu kimoja: mtu mzima anayelipwa kukaa na mtoto kuanzia saa tisa alasiri mpaka saa tatu usiku. Hiyo ndiyo siri yote. Tajiri wa Kiingereza ananunua masaa yale yale sita ambayo sisi tunayauza kwa mwajiri.

Pamoja na masaa hayo ananunua kitu kingine ambacho mtoto wetu hatapewa. Winchester ilianzishwa mwaka 1382 na Askofu William wa Wykeham, na Eton mwaka 1440 na Mfalme Henry wa Sita, kila moja kwa ajili ya wanafunzi 70 maskini wasome bure. Leo Eton ni zaidi ya pauni 60,000 kwa mwaka, baada ya serikali ya Uingereza kuanza kutoza kodi ya asilimia 20 juu ya ada za shule binafsi mwezi Januari 2025. Shule za namna hii zinasomesha takriban asilimia 7 tu ya watoto wa England, lakini ripoti ya Sutton Trust ya mwaka 2019 ilikuta asilimia 65 ya majaji wakuu wa nchi wametoka humo. Eton peke yake imetoa mawaziri wakuu 20. Huo ni mlango, ndugu zangu, na wenye mlango wanajuana kwa majina ya babu zao. Mtoto wa mbeba boksi wa Columbus akisoma Arusha katika shule yenye mtaala ule ule, ataufaulu mtihani wao sawasawa, ila mlango ule haumjui.

TATU, TABORA YA WAZEE WETU

Hapa ndipo wazee hunijia juu. "Sisi bweni lilitunyoosha, wewe unasema nini?" Baba mkwe wangu alisoma Tabora, na ukimgusa Tabora umemgusa kidonda. Kwa hiyo tuizungumzie Tabora.

Ni kweli Mwingereza aliijenga Tabora kwa kielelezo cha kwao. Ilianza miaka ya 1920 kwa ajili ya watoto wa machifu, ili watawale watu wao kwa niaba yake. Viranja, mabweni, michezo ya lazima, vyote vilitoka kule kwao ambako mwalimu mkuu Thomas Arnold wa Rugby, kuanzia mwaka 1828, aliwafanya viranja kuwa mkono wake wa kutawala wenzao. Na Uganda Budo ilikuwapo tangu 1906, Kenya Alliance tangu 1926. Kijana mmoja kutoka Butiama aliingia Tabora mwaka 1937, na wote tunajua alikoishia.

Lakini kijana huyo alipopata nchi mkononi alifanya nini? Mwaka 1967 aliandika Elimu ya Kujitegemea, na shabaha yake kubwa ilikuwa ile ile elimu iliyomlea: kwamba inamtoa mtoto kwa watu wake na kumfundisha kuwadharau. Mwaka 1969 serikali ikachukua shule binafsi nyingi zikawa za taifa. Na Tabora aliyosoma baba mkwe wangu, na Mzumbe, na Ilboru, na Kibaha, na Kilakala walikosoma mama zetu, hazikuwa shule za Mwingereza. Zilikuwa shule za umma. Mtoto wa mkulima wa Lindi alipanda treni kwa waranti ya serikali, akalala kitanda cha juu cha mtoto wa waziri, wakakimbia mchakamchaka pamoja na kula maharage yenye wadudu pamoja. Kilichowanyoosha wazee wetu ni kwamba nchi nzima iliwalea kwa usawa na bila kuwauliza baba zao wana nini mfukoni.

Sasa niambieni, ile shule ya dola elfu kumi na nne inafanana wapi na hiyo? Wazee wanaitamani Tabora, sisi tunawalipia watoto kitu kilicho kinyume cha Tabora, halafu tunaviita kwa jina moja, BWENI.

NNE, HABARI YA FIMBO

Tuseme ukweli ambao kwenye vikao vya harusi tunaunong'ona. Wengi hawapeleki mtoto nyumbani kwa ajili ya hesabu wala raga. Wanampeleka akachapwe. Huku ukimgusa tu unaogopa polisi, kwa hiyo tunatafuta mtu wa kumchapa kwa niaba yetu, mbali, tusione. Na tunaiita "nidhamu ya Kiingereza".

Mwingereza mwenyewe ameshaiacha. Bunge lao lilipiga marufuku viboko katika shule za umma kwa sheria ya mwaka 1986, na katika shule binafsi za England na Wales kwa sheria ya 1998. Kenya imepiga marufuku tangu 2001. Tanzania bado kanuni zinaruhusu, na hata hizo zinaweka kikomo cha viboko vinne na zinataka mkuu wa shule ahusike na kuandika. Nani anazifuata? Mwezi Agosti 2018 mwanafunzi wa shule ya msingi mjini Bukoba alifariki baada ya kupigwa na mwalimu. Mtoto huyo hakuwa mkorofi wa kutoka Marekani.

Mtoto anayechapwa ananyamaza, hilo nakubali. Mimi kazini nawaona watu wazima walionyamazishwa utotoni. Wanakuja na presha, wanakuja na pombe, wanakuja na maumivu ya kifua ambayo mashine haioni kitu. Ukiuliza swali la tatu au la nne ndipo unaambiwa.

TANO, USIKU WA BWENI

Hapa nazungumza kama nesi na naomba mnisikilize kama mnavyonisikiliza mnaponipigia simu usiku mkiuliza dozi ya paracetamol ya mtoto.

Uingereza yenyewe imejichunguza. Uchunguzi huru wa kitaifa juu ya udhalilishaji wa kingono kwa watoto ulitoa ripoti yake kuhusu shule za bweni mwezi Machi 2022, na mambo yaliyomo yanatisha. Humo mna shule zenye majina makubwa, zenye kanisa na kwaya, ambamo watoto walidhalilishwa kwa miaka na wakubwa wakalinda jina la shule. Mtaalamu wao wa tiba ya nafsi, Joy Schaverien, ameandika kitabu kizima mwaka 2015 kuhusu majeraha ya moyoni ya mtu aliyepelekwa bweni akiwa mdogo: anajifunza kutolia, na baadaye anashindwa kupenda. Hao ni watoto wa matajiri, katika nchi yenye wakaguzi na viwango vya kisheria vya bweni vinavyosema mpaka mtoto mgonjwa alazwe wapi.

Kwetu je? Mwaka 1994 makumi ya wasichana waliungua bwenini Shauritanga, Rombo. Machi 2001 wavulana 67 waliungua Kyanguli, Machakos, mlango mmoja umefungwa na madirisha yana nondo. Septemba 2024 watoto 21 waliungua Endarasha, Nyeri. Na serikali zetu zenyewe zimeshaanza kuona. Mwezi Machi 2023 Tanzania ilipiga marufuku bweni kwa watoto wa awali mpaka darasa la nne, na kuna watu huku Marekani walikasirika kwa sababu walikuwa wameshalipia nafasi ya mtoto wa miaka saba. MIAKA SABA, ndugu zangu! Huyo bado anakojoa kitandani akiota ndoto mbaya.

Kwa hiyo nilipoletewa ile ankara, sikuuliza farasi wangapi. Niliandika maswali yangu kwa shule: Nesi wa usiku ni nani na amesomea wapi? Watoto wangapi kwa mlezi mmoja? Mlango wa bweni unafunguka kwa ndani? Dirisha lina nondo? Mara ya mwisho mmefanya zoezi la moto lini? Mtoto akitaka kumpigia mama yake simu bila mtu kusikiliza, anaruhusiwa? Nilijibiwa kwa kijitabu chenye picha za bwawa la kuogelea. Mzazi mwenzangu, kama unakwenda kulipa, angalau uliza hayo, na usilipe mpaka ujibiwe kwa maandishi.

SITA, TUNACHOPOTEZA HUKU

Wengi hawalijui hili na linaniuma kuliko yote. Tunadhani tukimpeleka mtoto nyumbani miaka minne tunaokoa fedha na tunamrudisha kwa chuo. Tufanye hesabu mji kwa mji.

Hapa Louisville na Kentucky nzima kuna mpango unaoitwa KEES, unaolipwa na bahati nasibu ya jimbo. Kila mwaka wa sekondari mtoto anaopata wastani wa 2.5 na kuendelea, jimbo linamwekea fedha za chuo. Mwaka wa wastani wa 4.0 unampa dola 500, na kila mwaka atakaokuwa chuoni ndani ya jimbo anazipata tena. Akifanya vizuri miaka yote minne ya sekondari, ni dola 2,000 kila mwaka wa chuo. Mtoto aliye Naivasha hawekewi hata senti.

Columbus na Ohio nzima kuna College Credit Plus. Mtoto wa kuanzia darasa la saba mpaka la kumi na mbili akifaulu kipimo anasoma masomo ya chuo cha umma bure, na wapo wanaomaliza sekondari wakiwa wameshapita mwaka mzima wa chuo. Buffalo kuna Say Yes, iliyotangazwa mwaka 2011, inayosaidia kulipa karo ya chuo kwa mhitimu wa shule za umma na za mkataba za mji huo, kwa sharti kwamba amesoma sekondari na kuishi palepale Buffalo. Ukimwondoa mtoto, umemwondoa na fungu lake.

Halafu kuna makaratasi. Mwenye grini kadi akikaa nje zaidi ya mwaka bila kibali cha kurudia anaweza kuhesabiwa ameacha makazi yake. Kwa ndugu zetu Wakongo waliokaa makambini miaka kumi na tano, Nyarugusu au Kakuma, ndipo wakaletwa huku, kuichezea kadi hiyo kwa ajili ya koti na tai ni jambo ambalo sina neno la kulielezea.

Shemeji yangu wa Columbus alimpeleka binti yake akiwa na miaka kumi na mitatu. Shule siitaji. Amerudi na miaka kumi na saba. Anaongea Kiingereza cha redio ya London, na Kiswahili amekisahau zaidi ya alivyoondoka, kwa sababu kule walikuwa wanaadhibiwa wakiongea Kiswahili nje ya kipindi chake. Vyeti vyake havikutambulika moja kwa moja, akakaa mwaka mwingine. Yote hayo yanasameheka. Ninachoshindwa kukimeza ni kwamba anamwita mama yake "madam". Amezoea. Mama yake akiingia chumbani, yule binti anasimama wima kando ya kitanda.

Anayesema huo ndio ushahidi kwamba amenyooka, mimi naye hatutaelewana.

SABA, NJIA IPO, NA IPO BUFFALO

Mtu akikosoa sharti aseme na dawa. Dawa nimeiona kwa macho yangu upande wa magharibi wa Buffalo, kwa akina mama wa Kikongo ambao wengi wao hawajamaliza hata shule ya msingi.

Walianza watano. Walimwomba mchungaji ukumbi wa chini wa kanisa kuanzia saa tisa na nusu alasiri. Kila mzazi alileta ratiba yake ya shifti, wakazipanga juu ya meza kama sisi manesi tunavyopanga zamu za wodi, na wakagundua kitu: hakuna siku hata moja ambayo wazazi WOTE wako kazini. Siku zote kuna wawili au watatu wamepumzika. Hao wawili ndio wa zamu. Mmoja anapika, mmoja anasimamia prepo. Hajui hesabu za darasa la nane, sawa, ila anajua mtoto anayeandika na mtoto anayejifanya anaandika. Wanafunzi wawili wa chuo wanakuja kusaidia hesabu na Kiingereza. Simu zote zinaingia kwenye ndoo, na nasema ndoo ya plastiki, ya kawaida. Saa kumi na moja na nusu mpira, wavulana na wasichana, na wakati wa theluji wanacheza humo humo ukumbini kwa mpira laini. Kila mtu mzima amepewa watoto wanne wa kuwafuatilia: anajua alama zao, anajua rafiki zao, na mwalimu wa shule ana namba yake ya simu. Saa mbili na nusu watoto wanarudishwa kwao kwa gari la zamu.

Angalieni tena ratiba hiyo. Prepo ipo. Michezo ya lazima ipo. Mlezi wa bweni yupo. Kila kitu kinachofanya kazi katika shule ya Mwingereza kipo pale katika ukumbi wa chini wa kanisa, na usiku mtoto analala kwao, anakosolewa kwa Kiswahili, anaombewa kwa Kiswahili. Wamefikia watoto kumi na tisa. Nimeuliza mara mbili, hakuna aliyempeleka mwanawe Afrika.

Dola elfu kumi na nne za mtoto mmoja wa Arusha zingefanya nini katika ukumbi kama ule? Zipigie hesabu mwenyewe: chakula, mafuta ya gari, mipira, mwalimu wa hesabu wa kulipwa. Mimi nimeshapiga, na nimewapelekea ami zake mwanangu karatasi. Nimewaambia: michango yenu naipokea kwa mikono miwili, ila iletwe hapa, South End ya Louisville, tuanzishe yetu mwezi wa nane. Wawili wamekubali. Mmoja bado amenuna.

NANE, NA VIONGOZI WETU

Nilisema ni suala la siasa. Nani wengine wanajaza yale mabweni yenye farasi? Ni watoto wa wakubwa. Wakubwa hao hao ndio waliojenga shule za kata kuanzia katikati ya miaka ya 2000, wakasimama majukwaani kuhesabu madarasa, na wakaondoa ada mpaka kidato cha nne mwaka 2016, jambo ambalo nalipongeza. Lakini ni wangapi kati yao wenye mtoto katika shule ya kata? Mbunge ambaye mwanawe hasomi shule ya kata hana haraka na choo cha shule ya kata. Na sisi wa ughaibuni, ambao kila siku tunawashambulia mafisadi, tunakusanya dola zetu za ovataimu na kwenda kukaa nao kwenye siku ya wazazi, tukiwapigia watoto wetu makofi chini ya mwavuli mmoja. Hatuwezi kuwakosoa kwa mdomo na kuwaunga mkono kwa ada.

TISA, MAJIBU KWA WANAONIPINGA

Wataniambia: samaki mkunje angali mbichi. Sawa, lakini nimkunje MIMI, ndiye samaki wangu. Wataniambia: asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Methali hiyo inasema mamaye, haikusema matroni. Wataniambia: wapo waliopelekwa wakarudi wazuri, ni madaktari leo. Wapo, nawajua, na nawapongeza. Wapo pia waliobaki hapa wakawa madaktari, na hao hatuwahesabu kwa sababu hatukuwalipia tiketi. Wataniambia: wewe una ndugu na rafiki wa kukusaidia, je aliye peke yake, mzazi mmoja, shifti mbili? Hilo ndilo pingamizi la maana kuliko yote, na jibu lake siyo kumwachia atafute bweni. Jibu ni kwamba sisi tulio na siku ya mapumziko tuna deni kwake. Tunachangishana maelfu kusafirisha maiti nyumbani ndani ya siku tatu. Hatuwezi kuchangishana jioni mbili kwa wiki kwa ajili ya watoto walio hai?

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Mwanangu hapandi ndege ya tranka. Atakwenda nyumbani likizo, akae kwa bibi yake, ale, acheze, ajue makaburi ya babu zake, na tarehe ya kurudi iko kwenye tiketi na yeye mwenyewe ameiona. Masaa yake sita nitayapata kwa kubadilisha shifti na kwa kushirikiana na wenzangu. Anayetaka kunitukana anitukane, lakini aniambie kwanza mwanawe, leo saa kumi jioni, alikuwa na nani.

Naomba kutoa hoja.